Watu Saba Juu ya Chuma

Kila jioni gereji ikishafungwa, Fundi alizima mashine yake ya kuchomelea, akapandisha miwani myeusi kwenye paji la uso, akaita kwa sauti ya kondakta, "Mizigo ipande!"

Mizigo yenyewe ilikuwa ukoo. Mjomba alitoka kivulini na gazeti lake, akaketi kwenye kiti ambacho Fundi alikichomelea upande wa kulia wa bomba nene la chuma. Shangazi aliketi upande wa kushoto, na kwa kuwa alikuwa mwembamba, alipakatishwa betri mbili mbovu za lori ili pande zote zilingane. Katikati alisimama Jeki, miaka kumi na tisa, viganja vyeupe kwa unga wa chokaa. Aliinama, akavuta pumzi, akawapandisha wote wawili mpaka juu ya kichwa, Mjomba akiendelea kusoma.

"Shikilia hapo hapo nimalizie ukurasa," Mjomba alisema huko juu. "Huku kuna upepo mzuri."

"Mjomba, mchana umekula nini?" Jeki aliuliza, meno yameumana.

"Kwani vipi?"

"Umeongezeka."

"Shangazi yako ndiye aliyepungua. Usinitie maneno."

Jina hilo la Jeki alibandikwa na mafundi, siku jeki ya gereji ilipokatika na yeye akalishikilia gari mpaka mtu aliyekuwa chini yake akatoka, akajipangusa na kuulizia spana yake. Fundi aliwahi kunyanyua vyuma ujanani, kabla mgongo haujamkatalia. Siku ile alimtazama binti huyo kama mtu aliyeokota pochi iliyonona, akaamua hapo hapo kuwa kocha wake.

Vyuma halisi vya mazoezi vilikuwepo. Vilitoka ng'ambo kama msaada, seti nzima, vipya, bado vinanuka mpira. Mwenyekiti wa Chama cha Kunyanyua Vyuma alivipeleka nyumbani kwake kwa ajili ya usalama, na kusema kweli vilikuwa salama: vilipangwa juu ya paa la banda lake la kuku, vikizuia mabati yasipeperuke. Fundi alipokwenda kuviomba aliambiwa asubiri upepo utulie. Haukutulia. Ndipo ukoo ukaitwa.

Jeki hakulalamika, maana kichwani mwake palikuwa na kitu kimoja tu: Kituo. Huko kwenye nchi kubwa kulikuwa na kituo cha mazoezi kilichowachukua vijana wachache kila mwaka, kikawapa kitanda, chakula, mwalimu, mganga wa magoti, na jioni masomo ya ufundi. Sharti lake halikuwa na longolongo. Msichana wa umbo la Jeki alitakiwa awe amenyanyua kilo mia moja kwenye mashindano ya kimataifa kabla ya kufikisha miaka ishirini. Michezo ya vijana ilikuwa mwezi wa nane. Jeki alikuwa anafikisha ishirini mwezi wa kumi. Mlango ulikuwa huo mmoja. Asipoupita, alikuwa anasubiriwa na duka la dobi, ambako mama yake alipiga pasi mashati ya watu mpaka kiwiko chake cha kulia kikagoma kunyooka. Mwenye duka alikuwa ameshamtengea Jeki pasi, ameiweka pembeni ya ile ya Mama.

Kilo mia zenyewe hazikumnyima usingizi. Mjomba, Shangazi, betri na bomba vilipita mia kwa mbali. Mia kwake ilikuwa kumnyanyua Mjomba peke yake, tena Mjomba mwenye njaa.

Zilipokaribia siku za safari, Mwenyekiti alikuja gereji kupigwa picha na mchezaji wake. Alikuta mazoezi yamepamba moto na ukoo uko hewani. Alisimama akitazama, mikono nyuma, mpaka machozi yakamlengalenga.

"Kumbe ndivyo alivyozoea," alimwambia Katibu. "Mtoto wa watu ananyanyua akiwa na wazee wake."

"Ndivyo, Mheshimiwa," Katibu alisema.

"Kule ugenini hawezi kuachwa mpweke."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo baya, maana mtu mwenye nia njema hata kumnunia inakuwa shida.

Tiketi zilitoka nane. Moja ya Jeki. Saba zilizobaki zilikuwa za Mwenyekiti, mke wa Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, Msemaji, daktari wa meno, na shemeji wa Mwenyekiti, ambaye aliandikishwa kama mtaalamu wa hali ya hewa ingawa mashindano yalikuwa ndani ya ukumbi. Fundi akabaki na gereji yake.

"Usijali, simu ipo," alimwambia Jeki. "Anza na themanini, upate kitu mkononi. Ukiona mwili umekubali, omba mia. Na usile vitu vya bure hotelini mpaka umalize kazi. Baada ya hapo kula mpaka wakufukuze."

Ukumbi wa mashindano ulikuwa mkubwa na wenye baridi ya mashine. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba cha kupashia mwili joto, na humo Jeki alimkuta msichana kutoka nchi moja ya visiwa, ameketi sakafuni, anafungua mikanda ya mikononi.

"Umemaliza?" Jeki alimuuliza.

"Nimemalizwa. Majaribio yote matatu, hata magoti sikufika. Wenu wangapi?"

"Saba."

"Pole, ndugu yangu. Sisi wanne tu, ila Waziri ana tumbo."

"Mwamuzi umemwambia?"

"Nimemwambia. Amefungua kitabu. Wamekataza kupaka mafuta mapajani. Wajumbe hawajatajwa."

Jeki alipoitwa, aliingiza mikono kwenye beseni la unga, akatoka jukwaani. Chuma kilikuwa chini katikati, kilo themanini kwa hesabu. Upande wa kulia, juu ya chuma, alikuwa ameketi Mwenyekiti ndani ya suti ya michezo yenye rangi za taifa, na mke wake pembeni akiwa amepakata mkoba. Kushoto walibanana Katibu, Mhazini, Msemaji, daktari wa meno na yule shemeji. Viti vyao vya heshima vilikuwa kule mbele kwa watazamaji, vyenye mito na chupa za maji, vitupu. Wajumbe wa nchi kubwa walikuwa wamekaa kwenye viti vyao. Mpiga picha wa televisheni alisogea hatua mbili nyuma ili wote saba waenee.

"Shikamooni," Jeki alisema.

"Marahaba, binti yetu," walijibu kwa pamoja.

Alishika chuma, akavuta. Chuma hakikuachana na sakafu hata kwa unene wa karatasi. Taa tatu nyekundu zikawaka. Msemaji alimpigia makofi ya kumtia moyo.

Alirudi nyuma ya pazia, akampigia Fundi. Kule gereji walikuwa wanatazama, kelele za nyundo zilikuwa zimenyamaza.

"Nimewaona," Fundi alisema. "Umewaomba washuke?"

"Bado. Naanzaje?"

"Anza na Mwenyekiti."

Wakati wa jaribio la pili, Jeki alipiga goti mbele ya Mwenyekiti, kama anafunga kamba za viatu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani sana. Naomba mnipishe kidogo. Mkiwa pale kwenye viti nitawaona vizuri."

Mwenyekiti aliinama, akamshika bega. "Binti yangu, usiogope. Hatukuachi. Tumetoka nyumbani pamoja, tutakuwa pamoja mpaka mwisho."

"Mzee, mimi nahitaji kilo mia."

"Utapata zaidi ya hizo. Vuta."

Alivuta. Safari hii chuma kilifika magotini. Mhazini, ambaye alikuwa anaongea na simu, alimwambia mtu wa upande wa pili asubiri kwa sababu sehemu aliyopo mtandao unayumba. Kisha chuma kikarudi chini, na taa nyekundu zikawaka tena zote tatu.

"Wamekataa," Jeki alimwambia Fundi.

Mjomba alisikika kwa mbali akiuliza kwa nini yule mwenye mkoba hauachi mkoba chini.

"Wamekaaje?" Fundi aliuliza.

"Mwenyekiti na mkewe kulia. Watano kushoto."

"Basi uzito unaegemea kulia, maana Mwenyekiti peke yake ni injini. Mwambie mama ahamie kushoto."

"Siwezi kumwambia mke wa Mwenyekiti ahame, Kocha."

"Ni kweli, huwezi." Fundi akafikiri. "Basi hama wewe. Sogea kulia kiganja kimoja. Na usivute kwa mgongo, huu wangu uliishia hivyo hivyo."

"Nikiwanyanyua, nitakuwa nimenyanyua themanini tu."

"Najua."

"Mia haitafika."

"Najua, mwanangu. Lakini usipowanyanyua utakuwa hujanyanyua kitu."

Jaribio la tatu lilikuwa la mwisho. Wasichana wengine walikuwa wameshapita na kumaliza, mmoja na kilo mia moja na moja, mwingine na mia na nne, kila mmoja na chuma kisichokaliwa na mtu. Jeki alisogea kulia kiganja kimoja. Alishusha makalio, akanyoosha kifua, akavuta kwa miguu.

Chuma kilipinda ncha mbili kama nyusi za mtu aliyeulizwa swali gumu. Kilipita magoti, kikapita kiuno, kikatua mabegani. Daktari wa meno alishika kofia yake. Jeki alibaki amechutama, koo limebanwa, akahesabu pumzi, akasimama. Kisha akakunja magoti kidogo na kusukuma, na ujumbe wote wa taifa ukapanda juu ya kichwa chake, ukatulia. Kiatu cha Mhazini kilianguka. Mfanyakazi wa ukumbi alikiokota, akakipangusa, akakiweka pembeni.

Taa nyeupe zikawaka, tatu.

Wachezaji wengine, wakifika hapo, hukiachia chuma kikaanguka kwa kishindo, na huo ndio utamu wa mchezo wote. Jeki hakuweza. Mtu hawaangushi watu wazima. Aliwateremsha polepole, bega kwanza, kisha kiuno, kisha magoti, na kuwateremsha kulimtoa jasho kuliko kuwapandisha. Walipogusa chini, Mwenyekiti alisema, "Taratibu, taratibu, vizuri," kama anayeelekeza gari kurudi nyuma.

Hakuna binadamu aliyewahi kunyanyua uzito ule, na hakuna aliyeuandika. Ubaoni palisomeka themanini, na mbele yake nafasi ya mwisho.

Mama mmoja mwenye miwani, ambaye ndiye aliyechagua vijana wa Kituo, alimfuata Jeki nyuma ya pazia.

"Nimekuona," alisema. "Miaka yangu yote kwenye kazi hii sijaona kitu kama kile."

"Asante, mama."

"Ila ubao unasema themanini. Mimi naruhusiwa kuchukua kilichoko ubaoni." Akasita. "Huwezi kuja mashindano mengine kabla hujafikisha ishirini? Bila wao?"

"Bila wao sina tiketi."

Mwenyekiti, aliyekuwa amefika, alimpa mama huyo mkono. "Sisi ni familia moja," alimwambia kwa furaha. Mama huyo akainamisha kichwa kwa adabu, akaenda kumtafuta msichana wa mia moja na moja.

Nyumbani picha ilitoka gazetini kesho yake. Walionekana wajumbe saba wakiwa juu wanatabasamu, na chini kabisa, pale mhariri alipoikata, viganja viwili vyeupe. Mama aliibandika kwenye ukuta wa duka la dobi. Kila mteja aliyeleta shati alioneshwa viganja hivyo. "Hiyo ni mikono ya mwanangu," alisema. "Na hao wengine?" waliuliza. "Hao ni mzigo," alijibu, akaendelea kupiga pasi.

Ndege ilitua asubuhi. Waandishi wa habari walikuwa wamejipanga kwenye uwanja, na Mwenyekiti alizungumza nao kutoka mlangoni mwa ndege, kule juu, upepo ukimpeperusha tai.

"Tumejifunza mengi," alisema. "Zaidi ya yote, binti yetu ameonesha uwezo. Tulikuwa na wasiwasi kwamba saba ni wengi. Sasa wasiwasi umekwisha. Mashindano ya wakubwa yakifika, ujumbe utakuwa wa watu kumi na wawili."

Waandishi wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti kumuuliza Jeki, aliyekuwa ameshateremka na begi lake, kama watu kumi na wawili atawaweza.

Jeki alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi. "Itategemea watakavyokaa," alisema.

Huko juu Mwenyekiti alimaliza hotuba yake, akaitazama ngazi ya ndege, ndefu na nyembamba, kisha akaketi kizingitini, miguu ikining'inia nje. Mke wake akaketi nyuma yake na mkoba wake. Wengine wakajipanga wakingoja zamu, mikono imenyooshwa mbele.

Jeki aliweka begi chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akauliza aanze na nani.