Pumzi Kumi na Sita

Hapana, hakusinzia. Wanaosema alisinzia wanamwonea. Angesinzia ingekuwa afadhali, maana aliyesinzia haandiki kitu.

Alikuwa binti wa fundi cherehani, mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Wenzake walimwita Barafu kwa sababu hata damu iruke ukutani, uso wake ni ule ule. Sasa, pale chuoni likaja somo la kutuliza akili. Mkufunzi wao, mama mmoja mpole, sauti ya kubembelezea watoto, akawaambia: ukizidiwa na kazi, fumba macho, hesabu pumzi zako dakika moja, kisha endelea. Na kila Ijumaa wajaze fomu, wiki hii umetuliaje.

"Mama, mimi nikifumba macho wodini mtaniamsha kesho," mmoja akasema, darasa likacheka.

Barafu hakucheka. Wiki nzima alikuwa hajalala vizuri, basi lile somo akalishika kama mtu aliyepewa dawa.

Jumatatu asubuhi akafika kitanda cha sita, kwa mzee mmoja mwashi, kifua kimembana. Kuhesabu pumzi za mgonjwa kuna ujanja wake. Ukimwambia unamhesabia, anaanza kupumua kwa adabu. Kwa hiyo unamshika mkono kama unapima mapigo, kumbe jicho liko kifuani.

"Mkono wa baridi huo, mjukuu wangu," mzee akasema.

"Ndiyo maana naitwa Barafu, babu."

Mzee akataka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Macho ya Barafu yalikuwa yanawaka kwa uchovu. Akayafumba, kidogo tu, akahesabu. Kumi na sita. Raha ikamwingia mwilini. Akaandika kumi na sita kwenye chati, akaenda kitanda cha saba.

Alikuwa amehesabu za kwake.

Daktari akapita, akaona kumi na sita, akasema huyu anaendelea vizuri, akawahi wengine. Saa nane mchana mzee kafunikwa shuka. Binti yake alikuwa amepiga magoti anatafuta kiatu cha pili cha baba yake chini ya kitanda, na Barafu, amesimama pale, ndipo akakumbuka: kile kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Kumi na sita gani?

Akanyamaza. Akisema, chuo kimekwisha, na baba yake alikuwa ameshamshonea sare mbili za mwaka wa tatu. Kila akirudi nyumbani, moja kwa moja chumbani. "Nimekula wodini." Mama yake anafunika sahani, asubuhi anaifunua vile vile.

Ijumaa mkufunzi akasoma fomu. "Darasa zima mmechoka. Barafu peke yake ndiye aliyetulia. Simama, mwanangu, wafundishe wenzako."

Akasimama. "Mama, nilifumba macho kitanda cha sita. Nikahesabu pumzi zangu, nikaandika ni za mgonjwa. Amekufa. Hiyo fomu nimedanganya."

Mkufunzi akaishusha ile karatasi. "Umechoka, mwanangu. Kaa, tutaongea mimi na wewe."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini chati bado inasema kumi na sita."

Akatoka, akaenda kwa sista mkuu wa wodi. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, akampa karatasi. "Andika kwa mkono wako. Ukimaliza nenda nyumbani, usije mpaka uitwe."

Baba yake alikuwa kwenye cherehani, barazani. "Mbona mapema?"

Akamwambia yote. Mama naye akatoka jikoni, akasikiliza mlangoni, mikono ina unga.

"Angepona?" fundi akauliza.

"Sijui, baba. Pengine. Hakuna atakayejua."

"Watakufukuza?" mama akauliza.

"Huenda."

Fundi akakata uzi, akaukata tena pale pale. "Yule binti yake anajua?"

"Hajui. Nataka kwenda kesho."

"Atakutukana."

"Najua."

"Basi tutakwenda wote, atutukane wote." Akafunika cherehani, na jua bado liko juu.

Mama akaleta chakula kabla ya saa yake. Wakanawa mikono. Barafu akakaa, mara ya kwanza tangu Jumatatu, wakala wote watatu, kila mmoja akisikia wenzake wanavyopumua.