Hatua Kumi na Nne Kutoka Bombani

Kwa mama yetu, ua haliliwi kwa sababu tu ni zuri. Alikaa miaka thelathini kwenye dirisha la dawa la zahanati, na alipostaafu akahamishia ukali wake bustanini. Usile usichokijua kwa jina. Usile kilichopigwa dawa, wala cha kando ya barabara, wala cha kutoka kwa wauza miche, maana hujui walikimwagia nini. Waridi unakata ule weupe wa chini, mchungu. Boga unachuma maua dume, yenye vikonyo virefu vyembamba. Majike unayaacha yazae. Na aliyechuma anakula kwanza, ua moja, mbele ya wote, halafu tunangoja wali uive. Sumu haifuati saa ya wali, hilo hata mimi fundi cherehani nalijua, lakini ndivyo tulivyokula kila Jumapili na hakuna aliyethubutu kubisha.

Kaka yangu tunamwita Bosi, ingawa hajawahi kuajiri hata paka. Ana mkono wa kutoa, na mkono huo una haraka. Mwanzoni mwa mwaka alimletea mama glovu nene za bustani. Baadaye akaja na miche miwili ya mmea wa kutambaa, wa mapambo, wenye maua makubwa ya njano. Ukivunja kikonyo chake unatoka utomvu mweupe. Mmoja aliupanda getini, akamshika mama mkono kwenda kumwonyesha.

"Unaitwaje?" mama akauliza.

"Sijui. Walisema wa mapambo tu."

"Basi usikaribie sahani yangu."

Mche wa pili akauchomeka kwenye uzio, pale pale boga linapopanda. Hakuona haja ya kumwambia mama. Mimi pia niliuona nikanyamaza. Mtu si ana macho yake.

Siku hizo Bosi alikuwa na wimbo mmoja: mama ahamie kwake, ghorofa ya nne, ambako hakuna hata kopo la udongo. Mama alimjibu kwamba siku akishindwa kujichumia mwenyewe atafunga mizigo bila kusukumwa. Alilisema mbele yetu, na mama si mtu wa kurudi nyuma kwa neno lake.

Jumapili moja mama akaleta sahani mezani. Kulikuwa na petali za waridi na maua matano ya njano. Mimi nashika vitambaa kutwa. Ua la boga ni laini, lina vinyweleo, linasinyaa upesi. Manne yalikuwa hivyo. La tano liling'aa kama bitana ya satini, na ndilo mama alilolishika. Akalipeleka mdomoni.

Nikampiga mkono. Sijawahi kumpiga mama yangu mkono maishani. Ua likaanguka sakafuni.

"We, umerukwa na akili?" Bosi akafoka.

"Tazama umeangusha nini."

Akainama, akalitambua ua lake, akabaki ameinama. Halafu mama akacheka.

"Nilikuwa nawapima. Dada yako kafaulu. Wewe umefeli, kama kawaida yako."

Bosi alicheka mpaka akapiga meza. "Mama bwana, utatuua kwa presha!"

Mimi sikucheka, kwa sababu mdomo wa mama nilikuwa nimeuona umeshafunguka.

Jikoni, tukiosha vyombo, nikamwambia, "Mama, hukuwa unatupima."

Alikuwa akifuta sahani ambayo ilishakauka.

"Hatua kumi na nne kutoka bombani," akasema. "Hapo ni boga. Nazihesabu tangu mwaka jana. Zamani vidole vilinisaidia, sasa haya maglovu ya kaka yako..."

"Unaona nini?"

"Mwanga. Kivuli chako." Akaitua sahani. "Usimwambie."

Nilikuwa na hasira naye, na niliogopa kuliko nilivyokasirika. Sikuahidi kitu. Nilisema tu kwamba Jumapili ijayo nitachuma mimi.

Nikachuma mimi. Bosi alishangaa kidogo, kisha akakaa. Jua lilikuwa limeingia dirishani, likanifuata machoni, nikahamia kiti cha upande wa pili bila kufikiri. Mama akaelekeza uso kwenye kiti changu cha siku zote.

"Haya, aliyechuma ale," akakiambia kiti kitupu. "Umeshatafuna?"

"Natafuna, mama," nikamjibu kutoka upande wa pili.

Kichwa chake kikageuka, kimechelewa.

Bosi alikitazama kile kiti, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nikajua imekwisha. Nilianza hata kupanga kichwani nguo zipi za mama zitangulie kwenye sanduku. Akainuka, akatoka. Punde tukasikia jembe.

"Nani huyo anachimba na wali haujaiva?" mama akauliza.

"Bosi."

"Anachimba wapi?"

Nilisogea dirishani. Nikahesabu kwa macho kutoka bombani mpaka pale alipoinama, shati limemlowa mgongoni, anavuta mizizi ya ule mche wake kwa mikono mitupu.

"Hatua ya kumi na nne," nikasema.

Mama alipapasa nyuma ya mlango pale anapotundika vitu vyake, akazitoa zile glovu, akaninyooshea.

"Mpelekee," akasema. "Utomvu ule utamwasha."