Kilichokuwa Chini ya Jeli
...si usaha huo, si usaha, nimekwisha ambiwa, ni jeli yenyewe ya kufunikia kidonda iliyokunywa uchafu wake ikageuka uji wa manjano, lakini moyo wangu leo hausikii la mwadhini wala la mteka maji, unaruka tu, muuguzi ameshika ukingo wa lile pande laini la jeli, linalong'aa kama kioo kilicholowa, analiinua taratibu kutoka kwenye unyayo wa mke wangu, nami nimeinama mpaka ananiambia, "Mzee, unanizibia mwanga," na mke wangu, aliyelala chali asiweze kuuona unyayo wake mwenyewe, anacheka, "Mwache, mwanangu, huyo tangu ajue kusoma uzeeni hata karatasi ya dawa ya mende anaimaliza," ni kweli, nimeisoma na ya jeli hii, neno kwa neno, kidole juu ya mstari, imeandikwa kwamba karibu yote ni maji, maji yaliyofungwa yasimwagike, nikashtuka, maji juu ya kidonda! na shemeji yangu, dada yake, kila akija husema kifunueni kipate hewa, kidonda kibichi ni kidonda kibovu, nasi sote tulilelewa hivyo, tulipakwa majivu tukaanikwa juani kama dagaa... lakini mimi ni mwashi, nimemwaga zege maisha yangu yote, na zege likikaushwa na jua kwa pupa hupasuka, ndiyo maana tulilifunika magunia mabichi, tukalinywesha asubuhi na jioni, likomae polepole kutoka ndani, basi nyama nayo... taratibu, binti, taratibu, daktari amesema pasipoonekana nyama mpya leo mguu utakatwa, ugonjwa wa sukari hauna subira, na mguu huu ndio unaokanyaga cherehani, ndio uliowasomesha watoto wetu... hapo, pale pembeni, chini ya ule uji, ni nini kile, ni kivuli cha kidole cha muuguzi au ni damu, hapana, damu hutiririka, kile kimetulia, chekundu, chenye vipunje vipunje kama komamanga lililopasuliwa, "Unaona nini huko?" anauliza mke wangu, nami nilikuja hapa nimejipangia maneno ya kumfariji, maneno mazuri ya majaliwa ya Mungu na ya magongo mepesi ya siku hizi, yote nayatupa, ukingo wa jeli bado umo mkononi mwa muuguzi, pande lenyewe halijainuliwa hata nusu, naye anasema, "Tumngoje daktari aone, mzee," tumngoje, haya, na aje kwa wakati wake, mimi macho ninayo, "Nyama, mama watoto," nasema, "nyama mpya, nyekundu, inameta!" na bega nililolishika kwa nguvu zote ni la muuguzi, si la mke wangu, wala siliachii.