Fundo Lililoelekea Kulia

Mtaalamu wa maji alisema nyama ya chaza ingeonyesha kama uchafu wa baharini unatoka kwenye mbolea au vyooni. Nilifunga mifuko ya chaza mwenyewe, nikaizamisha baharini, mmoja mbele ya nyumba ya wageni ya shemeji, inayotulisha sote. Leo mtaalamu alituletea majibu ya mfuko huo: safi kabisa.

"Si nilikwambia, shemeji?" akacheka mwenye nyumba ya wageni. "Wageni wangu hawaendi chooni."

Nilitazama mfuko mtupu mezani, umechanwa ubavuni, kamba bado imefungwa. Mimi hutumia mkono wa kushoto, na mafundo yangu huelekea kushoto. Hili lilielekea kulia. Dada yangu, mkewe, akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze.

"Mtaalamu," nikasema kwa sauti ndogo, "mfuko huu sikuufunga mimi."