Maziwa ya Fundi Rangi

Hakuna mwenye gereji mjini Geita aliyewajali mafundi wake kama Mzee Sostenes, na yeye mwenyewe alilisema hilo mara kwa mara ili lisisahaulike. Kila adhuhuri Mayala, fundi wake wa rangi, alipewa nusu lita ya maziwa na kuyanywa mbele ya mzee hadi tone la mwisho. Maziwa, alieleza mzee, huosha kifua na kutoa mvuke wote wa thina ya kuzimulia rangi aliouvuta fundi. Mtu mwenye maziwa ana haja gani na barakoa?

Chumba cha kupigia rangi hakikuwa na dirisha. Vumbi la barabara ya Rwamgasa lingeharibu rangi mbichi ya magari ya wakandarasi wa mgodini, kwa hiyo mlango ulifungwa na matundu yakazibwa kwa magunia. Humo Mayala alishinda kutwa, na jioni alinawa mikono kwa thina ileile.

Mkewe, Eufrasia, alimwona akibadilika. Kichwa kilimgonga, kijiko kilimtetemeka mkononi hadi uji ukamwagika, na siku moja alimwita binti yao Lusia kwa jina la ng'ombe wa marehemu baba yake. Jumapili tu ndiyo aliyoamka ana nafuu. Mayala alisema hizo ni baraka za misa. Jumatatu jioni, ugonjwa uliporudi, alisema ni kijicho cha mafundi wenzake.

Eufrasia alikuwa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima. Mwalimu aliwaagiza wasome chochote walichonacho nyumbani. Kitabu hakikuwapo, ila lilikuwapo kopo la thina aliloliosha na kuhifadhia mbegu za mahindi, chombo alichokisifu kwa majirani kwa kuwa hakuna dumuzi aliyethubutu kuingia humo. Alilisoma kidole kikitangulia: tumia mahali penye hewa ya kutosha, usivute mvuke wake, hudhuru ubongo na neva. Alirudia mara tatu akiomba awe amekosea, maana kukosea alikuwa amekuzoea. Hakuwa amekosea.

Alipomsomea mumewe, Mayala alijibu kwamba miaka tisa amefanya kazi na makopo hayo, na hakuna hata moja lililowahi kumsemesha. Tena, akikiacha chumba kile, watoto watakula maandishi?

Asubuhi Eufrasia alilibeba kopo hadi gereji. Alimkuta Mzee Sostenes uani, akiwatilia ng'ombe wake majani. Alimwamkia kwa kupiga goti, akamsomea polepole. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akampongeza kwa kusoma bila kukwama, kisha akaamua papo hapo: kuanzia siku hiyo Mayala apewe lita nzima.

Eufrasia alishukuru, lakini hakuondoka. Alikuwa akilitazama zizi. Lilikuwa jipya, limejengwa mwisho kabisa wa uwanja, na lile la zamani, banda lisilo na kuta lililopakana na chumba cha rangi, lilibaki tupu. Aliuliza kulikoni.

"Bwana mifugo alinigombeza," alisema mzee. "Ng'ombe walikuwa wanakataa majani, wanayumba kama walevi. Akasema ni hewa ya thina. Niliwahamisha siku ileile."

"Siku ileile, mzee?"

"Ng'ombe ni roho, Mama Lusia. Utasubiri afe?"

Eufrasia aliliweka kopo chini, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Basi naomba, mzee wangu, Baba Lusia naye ahesabiwe pamoja na ng'ombe."

Mkono wa Mzee Sostenes wenye majani ulibaki hewani, hadi ng'ombe mmoja akamnyang'anya.

Juma lililofuata banda la zamani likawa mahali pa kupigia rangi, upepo ukipita kutoka kila upande. Barakoa nazo zilinunuliwa. Wateja walipolalamika kwamba rangi ina chembechembe za vumbi, mzee aliwajibu kwamba hayo ni maagizo ya bwana mifugo, nao hawakubisha.

Kichwa cha Mayala kilipoa. Lusia akaitwa tena Lusia, hata siku za kazi. Mkono ndio haukupona. Daktari aliwaambia kwamba huenda ukabaki hivyo.

Lita ya maziwa haikufutwa. Kila adhuhuri mzee husimama kuhakikisha imenywewa yote, na Mayala huinywa, akikishika kikombe kwa mikono miwili ili maziwa yasimwagike.