Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Hodi ilipigwa wakati kichwa cha Lightness kimo ndani ya bomba.

"Karibu!" aliitikia, na sauti yake ikazunguka humo humo ikamrudia masikioni. Alipochomoa kichwa, nywele zimejaa masizi, alimkuta uani mzee asiyemjua, amevaa kofia ya kufuma na koti lililopigwa pasi. Nyuma yake dereva wa bodaboda alikuwa akihangaika na kamba za mpira zilizofunga kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya mkeka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naitwa Kondo, natokea Mikumi. Namtafuta binti anayetazama nyota kwa bomba la choo."

Sesilia, mama yake Lightness, alikuwa barazani akipepeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukataka kumponyoka. "Umefika, mzee wangu. Ndiye huyo. Tumemsomesha mpaka chuo kikuu, akaturudia na bomba."

Lightness hakukasirika. Ni kweli darubini yake ilikuwa bomba la plastiki la maji machafu, ila lilikuwa jipya, na ndani alilipaka masizi ili mwanga usirukeruke ovyo. Kitako alichongewa na seremala wa mtaani. Cha thamani kilikuwa kioo cha chini, duara lililobonyea kidogo kama sahani, ambalo hukusanya mwanga na kuurusha juu kwenye kioo kidogo, nacho kikaupeleka ubavuni, kwenye lenzi ya kuchungulia. Kioo hicho alikinunua kwa kuwasuka wenzake nywele hosteli, muda wote wa chuo, mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa amemaliza fizikia, yuko Kilosa anasubiri ajira, na aliona kama ni kusubiri, bora asubiri akitazama juu.

Mkeka ulipofunguliwa alishika mdomo. Ilikuwa darubini ya kiwandani, ya buluu, na miguu yake mitatu.

"Nimeachiwa na mgeni," alisema Mzee Kondo akikaa kwenye kigoda. "Nilikuwa mpishi kambi ya watalii. Ilikaa huko huko kambini, na kila jioni nikimaliza kukaanga nautazama mwezi. Una milima, mjukuu wangu! Una mashimo!"

"Najua, babu."

"Wewe unajua. Mke wangu Mwamvua ndiye hajui. Namsimulia tangu nina meno yote, naye ananijibu, Kondo, acha kunywa vinywaji vya watalii. Sasa nimestaafu, nimeileta nyumbani, na amekubali kuchungulia Jumamosi. Ameita na majirani, waushuhudie uongo wangu."

"Basi si vizuri? Shida iko wapi?"

"Haioni."

Lightness alichukua bisibisi, akafungua skrubu za nyuma, akakitoa kioo. Akakigeuza juani. Ung'avu wote ulikuwa umetoka. Kilichobaki ni kioo kitupu chenye mikwaruzo ya mviringo, mikwaruzo ya mtu aliyefanya kazi kwa moyo, kama ile inayokaa kwenye kitako cha sufuria.

"Babu. Nani alikisafisha?"

Mzee Kondo alitazama viatu vyake. "Mke wangu, sufuria zake watu wanajitazamia. Mgeni akitarajiwa, kila kinachong'aa lazima king'ae zaidi. Nimetoka msikitini namkuta amekifungua, anakipiga majivu na stiliwaya, anaimba."

"Anaimba?"

"Anaimba! Akaniambia, Kondo, kama huko kuna milima, isije ikaonekana ina vumbi."

Sesilia aliziba uso kwa ungo. Lightness naye alitaka kucheka, ila macho ya mzee hayakuwa ya mtu wa kuchekwa.

"Ule ung'avu, babu, ni kama ngozi nyembamba sana ya aluminiamu, imepakwa juu ya kioo. Haivumilii hata kitambaa kigumu."

"Nilihisi hivyo. Sikumwambia. Nimemdanganya naileta Kilosa kutiwa grisi." Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Mwamvua akijua ameiharibu kwa mkono wake, hatalia mbele yangu. Atakwenda kulia jikoni, moshi usingiziwe. Hapo ndipo siwezi, mjukuu wangu. Nitengenezee. Na uniahidi kitu kimoja, asijue."

Lightness alikuwa mtu ambaye neno humtoka kabla hajaliuliza linakwenda wapi. "Jumamosi ataona, babu. Na hatajua."

Mzee alipoondoka, darubini ikabaki. Sesilia akauliza, "Utakitengeneza kwa kutumia nini?"

Hapo ndipo Lightness alipokaa chini. Kukipaka kioo upya kunataka mtambo ambao yeye aliuona kwenye picha tu. Alizunguka uani, akalala kwenye jamvi, akaamka, akachukua futi ya cherehani ya mama yake. Alipima kioo kilichoharibika, akapima cha kwake. Akapima na umbali ambao kila kimoja hukusanyia mwanga, kwa kusogeza kipande cha karatasi mbele yake juani. Vikalingana kama sahani za seti moja.

"Namwazima cha kwangu kwa jioni moja," alimwambia mama yake. "Jumapili narudi nacho."

"Haya. Na utakibebea nini, na hizo barabara?"

Alikibebea kwenye hotpoti, kimezungushiwa kitenge, akakipakata safari nzima kupitia kijiji cha Ulaya, darubini yenyewe imefungwa juu ya gari ndani ya mkeka wake. Kwa kila shimo alinyanyua hotpoti juu, makalio yakapokea pigo kwa niaba yake. Mama aliyekaa naye alivuta pumzi akitafuta harufu.

"Umepika nini, mdogo wangu?"

"Mwezi."

Yule mama alisogea kidogo upande wa dirishani.

Mwamvua alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Ndiye huyu mke mwenzangu wa Kilosa?" alipaza sauti kutoka jikoni. "Mwembamba hivi! Kondo, huyu ataweza kubeba maji kweli?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa mbali na mume wangu, sogea karibu na chakula."

Sufuria zilipangwa kichanjani, vitako vimeelekea jua. Lightness aliuona uso wake katika kila moja, akaelewa kila kitu.

Bibi alipozama kwenye pilau, wao wawili walijificha na darubini nyuma ya banda la kuku. Kioo kikapachikwa. Lightness akaziba tundu la lenzi kwa kifuniko cha kopo la dawa alichokitoboa katikati, akachungulia hapo, huku mzee akizungusha skrubu za nyuma ili vioo vielekeane.

"Kidogo kushoto, babu. Kushoto! Hapo unanirudisha Kilosa."

"Mkono huu ni wa mwiko, si wa skrubu."

"Kidogo tena. Hapo hapo. Usipumue."

Ndani ya tundu, duara dogo lilikuwa limekaa katikati ya duara kubwa, kama vikombe vilivyopachikana. Mzee Kondo akakohoa. Ndiyo ilikuwa ishara yao kwamba bibi anakuja.

"Kikohozi gani hicho bandani?" Mwamvua alikuwa amesimama na mwiko mkononi. "Kuku wenyewe wanakushangaa."

"Grisi, bibi," alisema Lightness. "Inawasha koo."

Baada ya swala ya magharibi, nusu ya mwezi ilikuwa juu ya paa la jirani. Majirani walijaa uani. Evarist wa duka la kona alikuja na kiti chake. "Kondo, ukiukosa mlima, tunakula pilau na tunakwenda zetu."

Mwamvua alitangulia. Kwanza alifumba jicho la kuchungulia, kisha yote mawili, watu wakacheka. Kisha akatulia. Alitulia muda mrefu mpaka Evarist akaacha kucheka.

"Kondo."

"Naam."

"Kuna shimo."

"Nilikwambia."

"Na shimo lina kivuli ndani yake."

"Nilikwambia."

"Miaka yote hii nimekuita mwongo."

"Umeniita."

"Haya," alisema Mwamvua. Kwa mtu ambaye hakuwahi kuomba radhi hata kwa chumvi kuzidi, hiyo ilikuwa hotuba. Mzee Kondo alijifuta macho kwa kofia.

Kisha bibi akajinyoosha, akawageukia watu. "Mnaona kioo kinavyoonyesha? Nilikisugua mimi! Kwa majivu! Kilikuwa kimefifia, hakitamaniki."

Mzee alimtazama Lightness. Lightness aliutazama mwezi.

Mwamvua akatangaza kwamba kesho wanakuja dada zake wa Masanze, na keshokutwa akina mama wa kikoba chake. Lightness alisikiliza; kesho hiyo ndiyo aliyopanga kurudi na kioo chake. Walipomaliza kula, majirani wakingali wanabishana kuhusu mashimo, alikwenda pale ilipokuwa darubini, bisibisi mfukoni, akakitoe kioo chake. Darubini haikuwapo.

Aliikuta chumbani. Mwamvua ameifunika kanga mpya, naye amekaa kando yake, miguu ameinyoosha.

"Hii hailali nje tena, mke mwenzangu. Nimeikosea adabu vya kutosha."

Ilihitajika sentensi moja tu. Bibi, kioo hiki ni changu. Lightness alijua Mwamvua angemrudishia dakika hiyo hiyo, bila neno, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Angemrudishia, kisha angekwenda jikoni. Alilifikiria bomba lake kule Kilosa, limesimama uani bila jicho. Aliyafikiria mabutu na twende kilioni aliyosuka hosteli, vichwa na vichwa, usiku na usiku. Vidole vikamuuma upya. Akautoa mkono mfukoni, bisibisi akaiacha humo.

"Bibi, kioo kikishapata majivu mara moja, basi. Ukirudia kinaharibika. Vumbi likiingia, mniite mimi."

"Hata sikukuu?"

"Hata Idi, bibi."

Asubuhi Mzee Kondo alimsindikiza mpaka stendi. "Kioo chako," alianza kwa kunong'ona.

"Nilisema hatajua, babu."

Nyuma yao Mwamvua alikuwa akija mbio, hotpoti kifuani. "Unakimbilia wapi? Mimi nikurudishie chombo kitupu, watu wanione vipi?" Akampakatisha. Ilikuwa imejaa pilau, na nzito kuliko ilivyokuja. "Na ile yako ya Kilosa? Ina vumbi? Niletee niisugue."

Lightness aliikumbatia hotpoti, joto lake likampenya mpaka tumboni.

"Asante, bibi," alisema. "Yangu haina kitu cha kusugua."

Akapanda gari, akakaa dirishani, akawapungia mkono wote wawili.