Sifuri Nne za Alhamisi

Tangazo niliandika mimi, na mlangoni nikalibandika mimi: LEO HAKUNA KUNDI. KUNA KIKAO CHA BODI. Kwa hiyo kabla sijaanza kuwasema wengine, hilo nalikubali.

Nyumba yetu ya huduma ina vyumba vitatu: kimoja cha mshauri wa zamu, kimoja jiko, na kimoja kikubwa chenye viti ishirini vya plastiki. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, watu wanaopambana na pombe, dawa za kulevya au mawazo yasiyowapa usingizi hukaa kwenye viti hivyo wakazungumza. Hakuna hotuba. Chai tu, na zamu ya kusema.

Bodi tuko watano, wote tunajitolea. Mwenyekiti ni wakili. Kuna mhasibu, msanifu majengo, na daktari mstaafu wa magonjwa ya akili ambaye huongea mara moja kwa mwezi. Mimi ni katibu. Kazini kwangu natunza stoo ya dawa hospitalini, nina diploma ya ugavi na watoto watatu, na muda wa kupoteza sina. Wenzangu wanao. Tangu tuanze kuandika mpango wa miaka mitano, kikao cha mara moja kwa mwezi kimekuwa cha kila wiki ya pili, na siku pekee inayowafaa wote, eti, ni Alhamisi saa kumi na moja. Chumba chenye viti ni hicho hicho kimoja.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya kundi. Saa tisa mwenyekiti akanipigia.

“Katibu, tukutane leo, ni dharura. Mahudhurio ya kundi yameanguka vibaya.”

“Leo si ndiyo kundi lenyewe linakaa?”

“Ndiyo maana nasema dharura.”

Ningebisha. Lakini nilikuwa katikati ya maboksi, lori linashusha mzigo, nikasema sawa.

Wa kwanza kufika alikuwa mdogo wangu. Ni seremala, ana miaka arobaini na moja, na siku hiyo alitimiza siku mia moja na kumi na mbili bila kugusa pombe. Karakana yake imepakana na baa, ukuta kwa ukuta. Siku nyingine mkewe humpitia wakaongozana nyumbani. Alhamisi mkewe yuko zamu kazini, na kundi ndilo linalomvusha hadi giza liingie.

Akalisoma tangazo mara mbili.

“Dada, tena?”

“Mara hii tu.”

“Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo.”

“Kaa hapo kwenye benchi. Tukimaliza twende wote.”

“Mnamaliza lini?”

Nikashika kitasa cha mlango, maana jibu nililijua.

Ndani, mhasibu alikuwa ameshabandika chati ukutani. “Wiki nane zilizopita,” alisoma. “Kumi na tano, sifuri, kumi na nne, sifuri, kumi na mbili, sifuri, tisa, sifuri. Wastani ni watu sita na robo.”

“Hiyo robo ni nani?” msanifu akauliza.

“Ni wewe, ukija kwa kuchelewa.”

Wakacheka. Mwenyekiti akafungua mwongozo tulioupitisha wenyewe: kundi lisilofikisha wastani wa watu wanane kwa miezi miwili litafungwa, na wahusika watapewa ushauri kwa simu. “Inasikitisha, lakini takwimu ni takwimu. Naomba hoja.”

Mdogo wangu hapokei simu. Hata zangu. Nilikiona kisogo chake dirishani, na bega likicheza, kwa hiyo nilijua anatikisa mguu.

“Hizi sifuri zimetoka wapi?” nikauliza.

“Kwenye fomu za mahudhurio.”

Nikamwita Mama Funguo, anayefungua nyumba asubuhi na kuifunga jioni, na ndiye anayejaza hizo fomu. Akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

“Sifuri naandika siku ambazo nyie mko humu,” alisema. “Zamani nilikuwa naacha wazi, mhasibu akanirudishia. Akasema fomu haikubali nafasi tupu.”

“Haikubali,” mhasibu akathibitisha, kwa fahari kidogo, kwa sababu fomu aliitengeneza yeye. Halafu akaiangalia chati yake, na fahari ikaisha.

Ilibidi niwaeleze polepole, kama ninavyomweleza mwanangu wa mwisho kwa nini viatu havioshwi kwenye ndoo ya maji ya kunywa. “Stoo nikiifunga ili nihesabu dawa, siandiki kwamba siku hiyo hakuna wodi iliyohitaji dawa. Naandika stoo ilifungwa. Hawa watu walikuja. Sisi tulikuwa tumekalia viti vyao, tunajadili kwa nini hawaji.”

Msanifu akakuna kichwa.

“Ukiondoa sifuri, wastani ni kumi na mbili na nusu,” mhasibu akasema, sauti imepungua.

“Lakini hata hivyo wanapungua,” akasema mwenyekiti.

“Wewe ungeendelea kwenda mahali unapofukuzwa kila wiki ya pili?”

Akavua miwani. “Hoja ya katibu ni nzito. Napendekeza tuunde kamati ndogo ya kuchunguza matumizi ya chumba, halafu ituletee taarifa kikao kijacho.”

Nikatazama dirishani. Kisogo hakikuwepo.

Nilitoka bila kuomba ruhusa. Nilimfikia kwenye kona, nahema kama niliyepanda ghorofa kumi.

“Unakwenda wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumbani kwako ni kulia.”

Alikuwa ameshakata kushoto, kuelekea karakana. Akaangalia viatu vyake. “Nimesahau randa.”

“Randa italala huko huko. Rudi.”

“Nirudi nikakae benchi, dada? Niwasikilize wasomi wakinijadili?”

“Rudi ukakae kwenye kiti.”

Niliingia naye hadi ndani. “Inukeni,” nikawaambia. “Kikao kinahamia jikoni.”

“Jikoni hakuna viti,” mwenyekiti akasema.

“Ndiyo. Tutamaliza mapema.”

Walikusanya karatasi zao. Daktari mstaafu peke yake hakuinuka. “Mimi nabaki,” akasema, nami nikadhani hayo ndiyo maneno yake ya mwezi.

Tukiwa tumesimama kati ya sinki na jiko la gesi, tulimaliza kwa dakika kumi na moja. Hoja ya kulifunga kundi iliondolewa. Vikao vya bodi vikahamia ofisini kwa wakili, siku ya Jumanne. Kumbe Jumanne ilikuwa inamfaa kila mtu. Nilitamani kurusha sufuria.

Saa moja kasoro Mama Funguo akaja na fomu. Walikuwa sita. Wengine walilisoma tangazo langu wakageuza.

“Na daktari nimhesabu?”

“Amekunywa chai?”

“Vikombe viwili. Na zamu yake ilipofika, akaongea. Muda mrefu.”

“Ameongea nini?”

Akaniangalia kana kwamba nimemkosea adabu. “Ya kundi yanabaki kwenye kundi.”

“Basi mwandike.”

Nililibandua tangazo mlangoni nikalikunja mara nne. Mdogo wangu alikuwa ananisubiri barabarani, mikono mfukoni.

“Siku mia moja na kumi na mbili,” nikamwambia.

“Ya leo haijaisha bado,” akasema, na tukakata kulia.